Kasuku Hakukosa Hata Jumamosi Moja

Kila Jumamosi asubuhi Karani alikuwa na kazi tatu: kufagia vipande vya vitambaa chini ya cherehani ya mama yake, kunywa chai yote bila kubakiza, na kukimbilia shuleni akiwa na daftari kwapani. Ya kwanza aliifanya vibaya, ya pili aliifanya harakaharaka, lakini ya tatu hakuna aliyeweza kumkosoa.

"Huko tenisi kuna nini hata unanifagilia nusu chumba?" mama aliuliza, pini zikiwa mdomoni.

"Kuna tenisi, mama."

"Haya, nenda. Na wavu wangu ukichanika niletee niushone. Usiufunge mafundo kama kamba ya mbuzi!"

Mama aliuita wavu wake kwa sababu yeye ndiye aliyeushona, kwa mabaki ya mapazia ya wateja. Ulikuwa na sehemu za njano, za bluu na moja yenye maua. Shuleni hakuna aliyewahi kuuona wavu wa tenisi kwa karibu, kwa hiyo hakuna aliyelalamika.

Tenisi iliwafikia mwanzoni mwa muhula. Chama cha tenisi kiliamua kwamba mchezo huo usibaki kwenye viwanja vyenye uzio na walinzi, bali ufike popote penye watoto na sakafu tambarare. Kikawaazima mkoba mkubwa wenye raketi kumi na mbili na mipira ishirini na minne. Mwalimu wa hesabu, ambaye hakuwahi kucheza tenisi maishani mwake, alisoma kijitabu cha maelekezo mpaka jalada likalegea, kisha akachora uwanja kwa chaki nyuma ya madarasa. Alikosea vipimo mara moja tu, na kwa kuwa ni mwalimu wa hesabu, wanafunzi wanamcheka mpaka leo.

Sharti la chama lilikuwa moja: kila Jumamosi wacheze watoto wasiopungua thelathini. Kuanzia Jumamosi ya tano idadi ingetumwa kwa chama kila wiki, na baadaye mkaguzi angekuja kutazama. Shule yenye watoto pungufu ingenyang'anywa mkoba, upelekwe shule nyingine iliyokuwa ikisubiri zamu yake.

Msichana mmoja wa darasa la sita, mwenye mwandiko mzuri, akapewa daftari la mahudhurio. Ndiyo maana wote walimwita Karani. Na huyo Karani aliipenda tenisi kupita kiasi! Mpira ulipogonga katikati ya nyuzi na kulia vizuri, alisikia raha mpaka visiginoni.

Jumamosi ya kwanza walikuja arobaini na mmoja. Ya pili, thelathini na watatu. Kuanzia ya tatu mwalimu alipangiwa kufundisha darasa la mtihani saa hizo hizo, akawaachia watoto uwanja, akawa anakuja mwishoni tu kutia saini daftari. Siku hiyo walikuwa ishirini na wawili. Jumamosi ya tano walibaki kumi na wanne, wote wakiwa wale wanaojua kupiga.

Karani alihesabu mara mbili. Akajihesabu na yeye tena, lakini walikuwa kumi na wanne vilevile. Mkoba ukiondoka, raketi zote zimeondoka. Akashika kalamu, akaanza juu ya orodha, akaweka alama za vema mpaka akawavuka thelathini, waliokuja na wasiokuja. Akarudi nyuma, akazijaza vivyo hivyo na Jumamosi zilizopita. Jina la kwanza lilikuwa la mwenzake aliyeitwa Kasuku, kwa sababu siku ya kwanza alifika kabla ya wote. Tangu hapo, kila Jumamosi kalamu ilianzia kwa Kasuku.

"Wangapi leo?" mwalimu aliuliza.

"Thelathini na wawili, mwalimu."

"Safi sana!" Akatia saini, mikono ikiwa bado na vumbi la chaki.

Alhamisi moja, bila taarifa, mkaguzi wa chama akafika. Alikuwa mama mrefu aliyevaa raba na kofia pana. Aliketi ofisini akafungua daftari, na kila ukurasa ulivyogeuka ndivyo uso wake ulivyochanua.

"Mwalimu, hongera! Na huyu wa kwanza hajakosa hata Jumamosi moja. Nataka tucheze naye, wenzake wamwone."

Darasa la tano na la sita wakatolewa nje. Kasuku akaitwa mbele. Jina hilo alilipata kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika, lakini aliposikia kwamba hajakosa hata Jumamosi moja, alinyamaza. Akamtazama Karani. Wawili hao walikaa dawati moja tangu darasa la kwanza. Karani akatazama viatu vyake mwenyewe, na Kasuku akaelewa.

"Ndiyo, ni mimi," alisema.

Akapewa raketi, akaishika kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba sinia la chai. Mpira wa kwanza ulimpita. Wa pili ulimgonga begani. Wa tatu aliupiga kwa ukingo wa raketi, ukaruka mpaka juu ya paa.

Watoto wakaangua kicheko. "Hajakosa hata Jumamosi moja!" mmoja akapaza sauti kutoka nyuma, nao wakacheka tena mpaka wakashika mbavu. Kasuku alijitahidi kucheka pamoja nao, lakini kidevu kilikuwa kinamtetemeka.

Nyamaza kidogo tu, Karani alijiambia. Mgeni ataondoka na mkoba utabaki. Lakini alikijua kile kidevu. Aliwahi kukiona kikitetemeka hivyo mara moja tu, siku Kasuku alipofiwa na bibi yake, na kilio kilifuata papo hapo. Karani akapiga moyo konde, akaingia uwanjani.

"Msimcheke! Hajawahi kucheza. Mimi ndiye niliyemwekea vema. Na wengine pia."

Kicheko kilikatika.

"Wanaocheza kweli ni wangapi?" mkaguzi aliuliza.

"Kumi na wanne." Machozi yalikuwa yameshafika. "Niliogopa mtauchukua mkoba."

Mkaguzi alimgeukia Kasuku. "Wewe ulikuja siku ya kwanza, tena mapema kuliko wote. Kwa nini uliacha?"

Hapo Kasuku akapata tena mdomo wake. "Mama, siku ile niliokota mipira asubuhi nzima! 'Kasuku, ule pale! Kasuku, ule mtaroni!' Raketi sikuigusa. Nikaona kama ni kutumwa, nyumbani natumwa vya kutosha."

"Hata mimi!" mmoja alidakia. Mikono ikaanza kuinuka, mmoja baada ya mwingine. Karani alisikia masikio yakimwaka moto, maana sauti iliyokuwa ikiita "ule mtaroni" ilikuwa yake. Aliipenda tenisi mpaka akasahau kuwaachia wengine.

"Unaona, mwanangu?" mkaguzi alisema. "Ungeniandikia kumi na wanne wiki ile ile, ningekuja wiki ile ile. Uliponiandikia thelathini na wawili, nikajua huku hakuna shida, nikaenda kusaidia kwingine."

"Na mimi nina kosa," mwalimu alisema kwa sauti ndogo. "Nilitia saini bila hata kuchungulia dirishani."

Mkaguzi aliwapa Jumamosi nne zaidi. Kabla hajaondoka alivua kofia, akachukua chaki, akawaonyesha jinsi ya kuugawa ua wa shule kuwa viwanja vidogo sita kwa kamba tu. Wapokezane raketi kila baada ya mipira kumi, na kila mtu aokote mpira wake mwenyewe.

Nyumbani Karani alieleza yote. Mama alisimamisha cherehani. "Kuna wateja wananidanganya vipimo vya kiuno," alisema. "Nawashonea hivyo hivyo. Wanarudi na gauni mkononi, halijapanda hata magotini." Karani alicheka huku bado analia, na mama akamvuta kifuani akamfuta uso kwa kipande cha pazia.

Kwa wiki tatu Karani alipita darasa hadi darasa akiwaomba radhi na kuwaita upya. Kasuku alipita naye, na kwa kuwa kila neno la Karani yeye aliliongezea matano, watu walikuja. Kumi na tisa. Ishirini na watatu. Ishirini na saba.

Jumamosi ya nne mkaguzi alikuwa njiani. Karani alihesabu. Ishirini na tisa. Akahesabu tena, akatazama lango. Hapakuwa na mtu.

"Mmoja tu," Kasuku alinong'ona. "Niandike mara mbili. Napiga kelele za watu wawili."

Karani aliangua kicheko, kisha akaandika: ishirini na tisa.

Mkaguzi alisoma daftari, halafu akazunguka viwanja sita akiwahesabu watoto kwa kidole, mmoja mmoja. "Ishirini na tisa," alisema. "Na sharti ni thelathini."

"Najua, mama," Karani alisema. "Wenzetu wanaosubiri nao wanataka kucheza." Akaanza kukusanya mipira ili aurudishe mkoba ukiwa kamili.

"Acha mipira hiyo, watoto wanaihitaji." Mkaguzi akatoa kalamu, akaandika chini ya ukurasa: *Mkoba ubaki hapa.* "Sharti tuliliweka ili tuwe na hakika kwamba watoto wanacheza. Hapa nina hakika. Wale wanaosubiri nitawatafutia mkoba wao."

Shangwe ilipopungua, mwalimu wa hesabu aliwaita wote wakae chini. "Wanangu, idadi kubwa ya uongo ilitufariji, na wenzenu wakazidi kuacha mchezo. Idadi ndogo ya kweli ilituonyesha tulipokosea, tukarekebisha. Mambo yakiharibika, semeni yalivyo, mapema, kwa anayeweza kuwasaidia. Na ukipenda kitu, mpe na mwenzako nafasi ya kukipenda."

Akainuka, akajipangusa vumbi, akaomba raketi. Kasuku alimwambia apange foleni.