Wa Majivu Hawafundishwi Moto

Saa kumi na moja jioni, skrubu ya miwani ya mpimaji ardhi ilidondoka kwenye lango la soko, katikati ya miguu ya watu. Aliyeiona ni fundi wa miwani, mwanamke wa gauni la kijani, akifunga kibanda chake.

"Usisogee, kaka. Utaikanyaga."

"Hata nikitaka kusogea, sioni pa kwenda."

Fundi alicheka, akaiokota, akaikaza palepale. Kesho yake mpimaji alirudi, akidai miwani inalegea.

"Uliyelegea ni wewe," fundi alimwambia, na namba ya simu akampa.

Mapenzi yalipokolea, mpimaji alimpeleka kwenye chumba cha juu ya duka la vitabu, ambako yeye na rafiki zake wawili hucheza kila Jumamosi mchezo wa kuigiza hadithi mezani: kila mtu na mhusika wake katika mji wa kubuni, kete zikiamua, mpimaji akisimulia. Dini ya mji huo aliitunga mwenyewe. Iligawa watu kwa kuzaliwa: wa tabaka la Taa hufundishwa uchawi hekaluni na kuhani, wa Majivu hufagia humo, na somo likianza huimba kwa pua wasije wakasikia.

Kete ilimtupa fundi kwenye Majivu.

"Nataka kujifunza kuwasha moto."

"Dini hairuhusu, mama. Imba," mpimaji alimjibu.

Aliimba, akimkonyeza. Wakacheka wote. Kisha rafiki mmoja, mwanasheria, akauliza, "Huyu dada ni nani wako?"

"Fundi wangu wa miwani," mpimaji alijibu.

Fundi hakuacha kuimba. Aliimba macho yakiwa mezani, bila kukonyeza tena. Na mpimaji, ambaye angeweza kulikatisha somo kwa neno moja, aliendelea kulisoma kwa sauti ya kuhani.

Fundi hakupokea simu za mpimaji hadi Alhamisi.

"Wale ni wasomi," alijitetea. "Niliogopa watauliza umesoma wapi."

"Hakuna aliyeuliza. Umejiuliza mwenyewe, ukanificha."

"Mpenzi..."

"Mpenzi wa kwenye simu. Hekalu lile hukulirithi, baba. Umelijenga."

Mpimaji alijua ni kweli.

"Njoo Jumamosi," alisema.

"Kufanya nini? Kufagia?"

Fundi alikuja, akabaki mlangoni. Mpimaji alisimama.

"Wiki iliyopita nilidanganya. Huyu ni mpenzi wangu. Nilimkana kwa kuogopa mtauliza amesoma wapi."

"Tulishajua, bwana," mwanasheria alisema. "Ulivyokuwa unamtazama? Tulikuwa tunakusubiri wewe tu."

Hilo lilimdhalilisha kuliko tusi. Kumbe hakukuwa na wa kumwogopa.

"Nitaifuta ile dini," alimwambia fundi.

"Usiifute. Kuhani wako anifundishe mchana, mbele ya hekalu zima, kisha wamfanye watakavyo."

Mpimaji akasoma maneno ya moto polepole, fundi akayafuatisha. Kete ikatoka mbili, namba ndogo mno. Moto haukuwaka. Kuhani alivuliwa joho, akashushwa hadi Majivu, kama sheria ilivyotaka.

Fundi alivuta kiti, akaketi ubavuni mwa mpimaji.

"Rudia maneno ya moto," alisema.

Akarudia.