Mfuko Ndani ya Kizibao

Ganda la yai lilimpasukia Oralia utosini. Kabla hajageuka, vipande vya karatasi vya rangi zote vilikuwa vimemjaa kwenye nywele, shingoni, na kwenye kola ya kizibao chake cha ngozi nyeusi.

"Jamani, samahani bibie! Nilikuwa namlenga huyu shetani mdogo!"

Shetani mdogo, msichana wa miaka saba hivi, alikuwa amejificha nyuma ya Oralia, anacheka mpaka anakohoa. Aliyeomba radhi alikuwa mwanamume mrefu, masharubu yamechongwa vizuri, shati jeupe limepigwa pasi mpaka likasimama, na mkononi ameshika trei ya mayai ya sherehe. Ilikuwa San Antonio, Aprili ya mwaka wa tisini na saba. Katika siku hizo za sherehe hakuna aliyepita sokoni bila kutazama nyuma, maana mwaka mzima nyumba zetu hutoboa mayai kwa juu, zikatunza maganda, zikayapaka rangi na kuyajaza karatasi, ili tu tuje kupasuliana vichwani. Muziki ulikuwa juu, nyama inachomwa, akina mama wamevaa mashada ya maua, na jua halina huruma.

Mwanamume akanyoosha mkono ampanguse bega. Oralia akaruka nyuma, mkono wa kushoto ameubana ubavuni.

"Mbona unaruka? Mimi siumi."

"Nitajuaje? Kupiga watu mayai unapiga."

Akacheka. "Na kizibao cha ngozi joto lote hili?"

"Naendesha pikipiki."

"Ya mumeo?"

"Ya kwangu. Mume ndiyo sijanunua."

Msichana aliyejificha akachungulia na kusema, "Baba mdogo, mwambie jina lako basi!" Ndivyo Oralia alivyojua kwamba mwanamume huyo anaitwa Eleuterio Cantú, watu humwita Teyo, anatengeneza kodiani katika mtaa wa Guadalupe, na shetani mdogo ni Nereida, mtoto wa marehemu kaka yake.

Oralia naye alikuwa fundi. Alishona magauni ya mabinti wanaotimiza miaka kumi na mitano, yale mapana ambayo binti akiyavaa hapiti mlangoni bila kusaidiwa. Wateja wake wengi walikuwa wa miji midogo ya kusini, Cotulla, Freer, Hebbronville, kwenye mashamba ya ng'ombe, na akina mama wa huko hawakuwa na nafasi ya kuja mjini kumpimisha mtoto kiuno. Kwa hiyo aliwafuata yeye, peke yake, na pikipiki yake kubwa ya bluu, futi ya kupimia na vitambaa vya kuonyesha vikiwa kwenye mifuko ya pembeni.

Na ndani ya kizibao, chini ya kwapa la kushoto, alikuwa ameshona mfuko ambao hata mama yake mzazi asingeuona. Humo mlikaa bastola ya baba yake, fupi, nzito kuliko mkasi wake mkubwa. Siku hizo serikali ya Texas ilikuwa ndiyo kwanza imeanza kutoa vibali vya kubeba silaha iliyofichwa. Baba huyo, Mzee Hilario, alimpeleka mwenyewe darasani, akamsimamia akitoboa karatasi kwa risasi, na kibali kilipotoka akamkabidhi. Ilikuwa na sababu yake, ambayo watu wawili tu waliijua.

Mapenzi yao yalikulia kwenye simu, zile simu zetu za ukutani zenye waya uliojisokota, ambazo ulizungumza nazo huku umeegemea jokofu.

"Halo, duka la kodiani."

"Nina kodiani inalia ovyo."

"Inaliaje?"

"Inasema Teyo, Teyo, Teyo."

"Hiyo nzima kabisa, mama. Ilete kama ilivyo."

Oralia akiwa safarini alimpigia kwenye simu za kutumbukiza sarafu, vumbi usoni, malori yakipita. Teyo alimpigia kodiani kupitia waya mpaka sarafu zikaisha. Jumamosi walicheza dansi kwenye uwanja wa kanisa, Oralia amevaa gauni jekundu alilolishona usiku mmoja kwa hasira ya kutaka kupendeza. Siku za gauni hakuwa na kizibao wala bastola. Lakini hata hapo, Teyo alipomvuta karibu, mkono wake wa kushoto ulijibana wenyewe ubavuni. Ulikuwa umezoea.

"Wewe ukikumbatiwa unakuwa kama mlango," Teyo alimtania.

"Bisha hodi basi."

"Nimebisha mpaka vidole vinauma, mpenzi."

Oralia akaamua kumwambia. Alichagua Jumapili asubuhi, kwenye kibanda ambako sote tulizoea kula nyama ya kichwa cha ng'ombe na soda nyekundu baada ya misa. Alikuwa ametoka barabarani moja kwa moja, kizibao bado mwilini. Maneno alikuwa nayo mdomoni tayari. Teyo akamtangulia.

"Hujawahi kuniuliza kaka yangu alikufaje."

"Nilidhani utasema ukitaka."

"Ulikuwa usiku wa mwaka mpya. Watu wanafurahi, wanapiga risasi juu, unajua tulivyo. Chayo alikuwa uani, amempakata Nereida, mchanga kabisa. Risasi ikarudi chini." Alikuwa anaikunja chapati ya mahindi bila kuila. "Mpaka leo hatujui ilikuwa ya nani. Pengine ya jirani aliyekuja msibani na sufuria ya chakula. Tangu hapo, Oralia, mimi na mtu mwenye bastola hatukai meza moja."

Nayo ilikuwa pale pale, meza hiyo hiyo, imetulia chini ya kwapa lake. Oralia akamshika mkono. Roho ilimuuma, na alimpenda siku hiyo kuliko siku zote, na kwa sababu hiyo akanyamaza. Nani kati yetu asingenyamaza?

Basi ikawa kukwepa. Teyo alitaka kupanda nyuma ya pikipiki waende wote Cotulla.

"Ina kiti kimoja," Oralia alisema.

"Nimeiona kwa macho yangu. Ina viwili."

"Cha pili ni cha vitambaa."

"Kwa hiyo mimi na kitambaa, bora kitambaa."

Alisema kwa mzaha, lakini hakucheka. Mtu anayepanda nyuma hana pa kushika isipokuwa kiunoni na mbavuni kwa dereva, na hilo Oralia alilijua vizuri. Teyo yeye alijua jambo moja tu, kwamba mwanamke huyu hataki kushikwa naye.

Siku moja ya Oktoba Oralia alirudi kutoka Hebbronville, akasimamisha pikipiki mbele ya duka la Teyo, akavua helmeti. Hakumsikia Teyo, aliyemjia kwa nyuma, akamzungushia mikono yote miwili na kumbana.

"Leo huniponyoki!"

Mkono wake ukatua juu ya mfuko. Vidole vyake vilikuwa vya kazi, vilizoea kujua kilichoharibika ndani ya kodiani bila kuifungua. Vikatulia hapo, kisha akauondoa mkono taratibu.

"Ni nini hiki, Oralia?"

"Teyo, ngoja."

"Nimeuliza ni nini."

"Unajua ni nini."

"Tangu lini?"

"Tangu kabla yako."

"Na siku ile? Nilipokusimulia habari za Chayo?"

Angeweza kudanganya. Barabara ilikuwa imejaa watu, muuza matunda anawatazama. "Nilikuwa nayo," alisema.

Teyo akaingia dukani akageuza kibao cha mlangoni. Duka limefungwa, saa kumi alasiri.

Oralia alipiga simu. Ikapokewa na mashine, sauti ya Teyo yenye furaha aliyoirekodi zamani: "Acha ujumbe, na kama ni kodiani, sema inaumwa wapi." Akaanza, "Ni mimi. Nataka nikueleze kwa nini," mashine ikakata. Akapiga tena, ikakata tena. Alichokuwa nacho hakikuenea kwenye mashine. Mwishoni naye akakasirika: mwanamume mzima, ameshindwa kuuliza kwa nini? Akaacha kupiga.

Miaka ikaenda. Simu za sarafu ziling'olewa moja moja barabarani, zikabaki nguzo tupu. Mzee Hilario alifariki, akazikwa na kofia yake. Mitindo ya magauni ikabadilika, mabinti wakataka mabega wazi. Oralia aliendelea kusafiri peke yake na bastola yake ambayo hakuwahi kuitoa mfukoni mbele ya mtu, na kila aliposikia kodiani kwenye kituo cha mafuta alilipa haraka akaondoka. Wachumba walikuja wawili. Wote walikuwa watu wazuri, na hakuna aliyemfanya aegemee jokofu.

Hadi ilipofika Aprili nyingine, kengele ya mlango wa duka lake ikalia, akaingia binti mrefu, meno yamefungwa waya.

"Habari, bibie. Nataka gauni la samawati. Mama anataka la waridi, baba mdogo anataka jeupe, lakini mwili ni wa kwangu." Akakodoa macho. "We! Si ndiwe yule wa yai?"

Nyuma yake alisimama Teyo. Masharubu yalikuwa na mvi, tumbo limeanza kujitokeza, shati ni jeupe vile vile na pasi ni ile ile.

"Sikujua ni kwako," alisema.

"Jina langu limeandikwa mlangoni."

"Basi nilijua."

Oralia akampima Nereida mabega, kifua na kiuno. Kisha akampeleka nyuma ya pazia na shehena ya sketi za ndani ambazo kuzivaa tu ni kazi ya mchana kutwa. Wakabaki wawili.

"Bado unasafiri peke yako?" Teyo aliuliza.

"Bado."

"Na bado unayo?"

Safari hii hakungoja. "Bado ninayo."

Teyo akatikisa kichwa, akakitazama kizibao kilichoning'inia kwenye msumari ukutani. "Nina swali moja. Nilipaswa kuliuliza siku ile pale dukani. Kwa nini?"

Oralia akaketi kwenye kiti cha cherehani. Alizungumza akiitazama futi mkononi.

"Barabara ya Freer. Cheni ilikatika, jua linazama. Pikapu ikasimama, wanaume wawili. Nikadhani wamekuja kunisaidia. Mmoja akachukua helmeti yangu akaivaa. Mwingine akakaa kwenye pikipiki yangu. Wakawa wananizunguka, wanacheka, wananiuliza nani anajua niko wapi. Hakuna aliyejua, Teyo. Hakuna hata mtu mmoja duniani. Kisha lori la gesi likatokea, likapunguza mwendo, wakaondoka. Helmeti wakaenda nayo. Hakuna kilichotokea. Nilimwambia baba tu. Nikitembea peke yangu bila ile bastola, nawasikia bado wanacheka."

Nyuma ya pazia sketi zilikuwa zinachakacha.

"Mimi nilishika bastola," Teyo alisema, "nikasahau kwamba kuna mtu ameivaa. Mjinga mkubwa. Nimekuwa mjinga mpaka nimeota mvi."

"Zinakupendeza."

"Usinitanie, nitalia, na mtoto yuko hapo."

"Nakusikieni," Nereida alisema nyuma ya pazia. "Lieni tu."

Wakacheka wote watatu, kisha Oralia akaacha kucheka. "Sitakudanganya tena, Teyo. Siitupi. Siku nikienda peke yangu, nitakuwa nayo. Kama hilo huliwezi, chukua vipimo vya mtoto upeleke kwa fundi mwingine, sitakasirika."

Alisema sitakasirika, lakini futi alikuwa ameisokota mpaka ikawa kamba. Teyo aliiona. Akatazama mlangoni, na Oralia akajua kwamba anamwona Chayo pale uani, na hakumharakisha.

"Basi usiende peke yako," Teyo alisema.

"Unasemaje?"

"Nasema usiende peke yako tena. Cotulla, Freer, popote. Nitabeba vitambaa mapajani."

"Na kodiani zako?"

"Zitasubiri. Kukunjwa zimezoea."

"Hiyo ni posa au ni ombi la lifti?"

"Kuna viti viwili, mama. Nilikwambia zamani."

Jumamosi asubuhi Oralia alifungua droo chumbani, akaiweka bastola ya baba yake, akafunga kwa ufunguo. Kizibao kilikuwa chepesi mno. Kwa muda alisimama nacho mwilini mbele ya kioo, mkono wa kushoto haujui pa kukaa. Kisha akaenda jikoni akachukua kitu kingine, akakitia mfukoni kwa uangalifu, akatoka.

Teyo alikuwa anangoja nje ya duka lake la kodiani, helmeti mpya kichwani, anaogopa waziwazi. Akapanda nyuma. Akashika kiti kwa mikono miwili.

"Hivyo utaanguka," Oralia alisema. "Nishike mimi."

Mikono ikamzunguka polepole. Mkono wa kulia ulifika kwanza. Wa kushoto ukafika kwenye mfuko, ukasita. Kulikuwa na kitu kigumu humo.

"Oralia."

"Nishike, Teyo. Kwa nguvu."

Alimsikia akivuta pumzi. Angeweza kushuka, miguu yake ilikuwa bado inagusa lami. Akafumba macho akamkumbatia kwa nguvu zake zote, na ndani ya kizibao kitu kikapasuka kwa mlio mdogo.

Lilikuwa yai la sherehe. Oralia alikuwa amelipaka rangi mwenyewe jikoni kwake, akalijaza mabaki ya vitambaa vya samawati, vyeupe na vya waridi.

"Hilo ni la mwaka ule," alisema. "Nilikuwa nadaiwa."

Teyo alikuwa ameuegemeza uso mgongoni kwake, anacheka au analia, Oralia hakujali ni kipi. Akawasha pikipiki. Walipofika mwisho wa mtaa wa Guadalupe na upepo ukaingia ndani ya kizibao, vipande vikaanza kutoka, vikaruka nyuma yao, na mkono wa kushoto wa Oralia ulikuwa kwenye usukani, haujabana kitu.