Kiatu Kimoja

"Dada, nauliza tena. Kuna dawa yoyote inayomdhuru?"

Muuguzi wa mapokezi alikuwa na foleni ndefu na subira fupi. Mbele yake alisimama dada wa ustawi wa jamii. Mkono mmoja ulimbeba mtoto wa miaka minne aliyekuwa akichemka kwa homa, wa pili ulizama ndani ya mfuko wa plastiki uliojaa kadi za chanjo, vyeti vya daktari na barua za chekechea, vyote kutoka nyumba tatu zilizomlea mtoto huyo kwa kupokezana. Mama aliyemlea mwaka uliopita, simu yake haikupatikana.

"Ipo humu, dada yangu. Najua ipo humu."

Mfuko ukapasuka. Makaratasi yakatapakaa sakafuni, na kutoka chini ya kaunta ukatokea mkono wa mwanamume ukaanza kuyaokota. Baada ya mkono kikaja kichwa chenye utando wa buibui, kisha shati la bluu lililofagia vumbi lote la chumba kile.

"Samahani, nilikuwa naunga nyaya za kompyuta," alisema. "Haya yote ni ya mtoto mmoja?"

"Mmoja. Wewe ulidhani ni ya ukoo mzima?"

"Nilidhani kuna kesi ya urithi."

Dada hakutaka kucheka, akacheka. Na katika kuokota kwake, fundi yule akaishika karatasi iliyotafutwa: dawa ambayo muuguzi alikuwa karibu kuiandika ndiyo iliyowahi kumvimbisha mtoto uso. Dada wa ustawi akaketi chini palepale, katikati ya makaratasi.

"Na siku mfuko huu ukipotea?" fundi aliuliza taratibu.

"Ndiyo hofu yangu kila siku."

Mtoto alilazwa. Jina la utani aliitwa Chiriku, kwa sababu akiwa mzima hafungi mdomo. Wodini alikataa kulala. Kila akifumba macho aliyafumbua kuangalia kama dada wa ustawi ameondoka, maana watu wote aliowazoea waliondoka akiwa usingizini. Mwishowe dada akavua kiatu chake kimoja, akakiweka kando ya kitanda. "Kiangalie hicho. Mtu haendi mbali na kiatu kimoja." Chiriku akakitazama, akakishika kisigino, akalala.

Baadaye wakubwa wa kazi wakawaweka dada na fundi yule meza moja. Dada aeleze watoto wanahitaji nini, fundi aunge kwa mfumo mmoja wa kompyuta kliniki, shule, ofisi ya ustawi na simu za walezi, ili habari za mtoto zimfuate kila anapohamia. Siku ya kwanza dada alikuja na gauni la njano na viatu vya kisigino, fundi akasahau neno la siri la kompyuta yake mwenyewe.

"Nina masharti mawili," alisema dada. "La kwanza, mtoto si magonjwa tu. Nataka kwenye faili kisanduku kilichoandikwa: Kinachomtuliza."

"Haya. La pili?"

"Mtoto akihamia kwa afisa mwingine, faili lifungwe kwa yule wa zamani. Lifungwe lenyewe, bila kuomba. Sitaki watu wamchungulie mtoto asiye wao tena."

"Hata wewe?"

"Hata mimi. Mimi nina pembe?"

Tangu hapo akamwita Mama Masharti, naye akamwita Fundi. Simu zikaanza za kazi, zikageuka.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula. Umenipigia kuniuliza hilo tu?"

"Hapana, nimepiga kusikia unavyoguna."

Walipendana hasa. Ila kila Fundi alipomwambia, "Mama yangu anataka kumwona mkwewe," dada alijibu, "Tutakwenda, mpenzi, kazi zikipungua." Kazi hazikupungua, na sababu haikuwa kazi. Alikuwa mtu wa kufungia vitu vya thamani kifuani, asimwonyeshe hata anayempenda. Kile kisanduku alichokipigania, kwenye faili la Chiriku alikiacha kitupu. Alijiambia ataandika kesho. Ukweli ni kwamba alitaka abaki na kitu kimoja cha mtoto yule ambacho ni chake peke yake. Mama mlezi wa wakati huo ndiye pekee aliyenong'onezwa habari ya kiatu, basi.

Kisha dada akahamishiwa ofisi ya upande wa pili wa jiji, ghafla, na wiki hiyohiyo Chiriku akapelekwa kwa mama mlezi mpya, chini ya afisa mwingine. Asubuhi moja, akimkumbuka Chiriku, alijaribu kulifungua faili lake. Kioo cha kompyuta kikamwambia: Huna ruhusa.

Alimpigia Fundi papo hapo.

"Umenifungia mtoto, Fundi? Kwa sababu sijaja kwa mama yako?"

"Nini? Hebu nisikilize kwanza..."

"Nimekusikiliza vya kutosha. Mwanamume mzima unalipiza kisasi kwa kompyuta!"

"Hivyo ndivyo unavyonijua?" Fundi aliuliza. "Basi sawa." Akakata.

Mchimba kisima huingia mwenyewe. Aliyeweka sharti lile wewe na mimi tunamjua. Yeye alikuwa amelisahau, hasira zikamziba macho. Fundi naye, badala ya kusema maneno mawili yakaisha, alikaa na kiburi chake.

Miezi ikaenda. Dada alirudi nyumbani jioni, akapika chakula cha watu wawili kwa mazoea, akala cha mmoja. Simu ya mtu yeyote ikilia sokoni kwa mlio ule alioumwekea Fundi, alipapasa mkoba wake, halafu akaendelea kuchagua nyanya. Alikuwa na hamu nao wote wawili, Fundi na Chiriku, na kila mmoja alimkumbusha mwenzake. Kuna siku aliandika, "Umekula?" akafuta. Akaandika tena, akafuta tena.

Halafu alasiri moja, ofisini, mlio ule ule ukalia mezani kwake.

"Dada, habari za kazi," Fundi alisema kama mtu asiyemjua. "Sikupigii kwa ajili yangu. Kuna mama mlezi ametulalamikia. Mtoto halali, analia usiku kucha, na yeye ameambiwa kuna kisanduku cha kumsaidia. Amekifungua, kitupu. Anaogopa ataambiwa hamwezi mtoto, ahamishwe tena. Ameniruhusu nikutafute. Unamjua ni mtoto gani."

Dada alifumba macho. Chiriku angehamishwa tena kwa ajili ya maneno machache ambayo yeye alimnyima.

"Niliyaficha," alisema, machozi yakimlenga. "Nilitaka yabaki yangu. Niunganishe na mama huyo, tafadhali."

Fundi akawaunganisha, wakawa watatu kwenye simu moja.

"Kiatu?" mama mlezi alishangaa. "Mwanangu, kiatu gani?"

"Chako, mama. Unachovaa ukitoka. Weka kimoja kando ya kitanda, akione. Mwambie mtu haendi mbali na kiatu kimoja."

"Jamani! Nami namnunulia wanasesere!" Wakamsikia akibofya herufi moja moja, akiandika, akisoma kwa sauti anachoandika. Akawashukuru, akakata.

Wakabaki wawili.

"Fundi."

"Naam."

"Lile faili..."

"Sikukufungia mimi. Lilijifunga. Sharti la pili."

Akalikumbuka, neno kwa neno, hadi lile la pembe. Alitamani sakafu ifunguke.

"Nisamehe. Nilikuhukumu bila kukuuliza. Mbona hukuniambia?"

"Iliniuma. Na nilichoka kubahatisha. Wewe nawe, mpenzi, una kisanduku kitupu. Sijui kinachokutuliza, sijui kinachokutisha."

"Wewe," alisema dada. "Ndiwe yote mawili. Nilikuwa naogopa nikija kwa mama yako, nikapazoea, kisha uniache."

Fundi akasema ana kazi, atapiga.

Hakupiga. Kesho yake mama mlezi ndiye aliyepiga, akicheka: Chiriku alilala hadi jua likamkuta, kiatu kifuani. Dada alilia kwa furaha, kisha akalia kwa yule ambaye hakupiga.

Jumapili alasiri mlango ukabishwa. Alifungua akiwa na gauni la nyumbani na nywele zisizochanwa. Fundi alisimama pale na shati lile la bluu, safari hii limepigwa pasi. Hakusalimia. Aliinama, akavua kiatu kimoja, akachechemea hadi ndani, akakiweka kando ya kiti ambacho dada hukalia kila jioni.

"Mbona kimoja?" dada aliuliza, midomo ikimcheza.

"Nitakwenda wapi na kimoja?" Akapiga goti, soksi moja ikiwa na tundu kidoleni. "Nioe, Mama Masharti. Yaani, nikuoe. Umenichanganya."

"Nina sharti moja."

"Nilijua tu."

"Tundu hilo lishonwe kabla hatujaenda kwa mama."

Dada akavua ndara yake ya kulia, akaiweka karibu na kiatu cha Fundi, akaenda jikoni kupika cha watu wawili.