Nani Alikuwa Anafumua?

Binti yangu tunamwita Chiriku, kwa sababu mdomo wake haupumziki. Ana miaka kumi na tisa. Tunashona pamoja katika chumba cha mbele, mimi kwenye cherehani ya mlangoni, yeye kwenye ya dirishani. Kutwa anaimba, anatania wateja na kubishana na redio.

Jumatatu moja akanyamaza. Alikuwa amekata gauni la mwalimu, la kuvaa Jumamosi kwenye harusi ya mdogo wake. Kitambaa kilikuwa na upande mmoja tu wa kuvaliwa, hakigeuziki. Chiriku alikuwa amekata mikono miwili, yote ya kushoto, na kitambaa kimekwisha.

"Mama, mimi sifai," akasema. "Naacha ushonaji."

Akaingia chumbani akafunga mlango. Jumanne hakushona. Jumatano vilevile. Roho iliniuma, na sitaficha, nilikasirika pia. Kosa moja tu, ndiyo mtu asuse kazi?

Jumatano hiyo jirani yetu muuguzi alikuja kupimwa sare. Kazi yake kliniki ni kuzungumza na vijana, na kwa maswali hana mpinzani. Nikamweleza yote.

"Shoga," akasema, "Chiriku alipokuwa na miaka kumi na tatu, akikosea mshono, nani alikuwa anafumua?"

"Mimi. Akienda shuleni nafumua, nashona upya, narudisha nguo mahali pake."

"Yeye alijua?"

"Wala! Alidhani kazi ni yake."

"Na akigombana na rafiki?"

"Naenda kwa mama wa huyo rafiki, tunayamaliza."

"Na akifeli somo?"

Hapo nikaona aibu. Niliwaendea walimu wote, hata wa michezo. Muuguzi akacheka mpaka futi niliyokuwa nikimpimia ikanitoka mkononi.

"Kwa hiyo nimemharibu mwanangu?"

"Hapana, ulimpenda. Lakini ule uwezo wa kuanguka na kuinuka, hakuna anayezaliwa nao ukiwa kamili. Unakua. Unajengeka sana ujanani, na unaendelea hata mtu akipita miaka ishirini, maana akili yake bado inakomaa. Unajengwa na matatizo madogo anayoyatatua mwenyewe, huku anayempenda yuko karibu."

"Basi nimwache apambane peke yake?"

"Nani kasema peke yake? Kaa naye. Msikilize. Muulize ana mpango gani. Ila wembe wa kufumulia aushike yeye. Na huzuni ikipita wiki mbili, au hali chakula, hapati usingizi, mlete kliniki. Akisema hataki kuishi, mlete siku hiyohiyo."

Alipoondoka, nikagonga mlango wa Chiriku. Suluhisho nilikuwa nalo mdomoni. Nikalimeza.

"Pole, mwanangu. Hata mimi niliwahi kukata suruali yenye miguu miwili ya kulia."

Mlango ukafunguka kidogo. "Wewe?"

"Mimi. Mwenye suruali hakunisalimia mwaka mzima. Sasa, mwalimu anakuja kesho saa nne. Unadhani tufanyeje?"

Nikahesabu vigae vya sakafu, safu ya kwanza, ya pili, ya tatu.

"Mikono ni mirefu na mipana," akasema mwishowe. "Kwenye sehemu ya chini ya mmoja naweza kukata mkono mfupi wa kulia. Ule mwingine naupunguza ulingane. Lakini lazima mwalimu akubali."

"Nani atamwambia?"

Akafungua mlango wote. "Mimi."

Kesho yake akapiga moyo konde, akamweleza mwalimu ukweli wote. Mimi niko kwenye cherehani yangu, nimeuma ulimi. Mwalimu alikunja uso, akageuza kitambaa huku na huku.

"Haya, weka mifupi," akasema. "Lakini Ijumaa nilikute gauni tayari."

Ijumaa alilikuta tayari.

Sasa ni miezi miwili. Juzi nikasikia nyuzi zinakatika kule dirishani. Chiriku alikuwa ameshona zipu juu chini. Mkono wangu ukaenda wenyewe kwenye wembe.

"Mama," akasema bila kugeuka, "kaa."

Nikakaa. Akafumua yote, akaanza upya, huku akibishana na redio.