Huyu Hapandi Mlima

Mchana ule Mikumi ilikuwa inaungua kwa jua. Malori ya Tunduma yalijipanga kando ya barabara kuu mpaka mbele ya nyumba za wageni, wauza vitunguu wakigombea madirisha ya mabasi, na moshi wa nyama ya mbuzi ukitambaa juu ya vichwa vya watu. Katikati ya vurugu hiyo pikapu moja nyeupe ilipiga mluzi mwembamba, ikakohoa, ikazimika.

Akashuka msichana mrefu aliyejifunga shuka la zambarau, shanga nyeupe shingoni, na raba ambazo vumbi lilikuwa limezigeuza nyekundu. Aliitwa Namelok. Nyuma ya pikapu kulikuwa na keni za maziwa zilizokuwa zikisubiriwa hotelini, na jua lile halikuwa na huruma na maziwa.

Fundi Ditram alitoka chini ya lori, ovaroli yake ya bluu imepauka magotini. Alifungua boneti, akainama, akatega sikio.

"Dada, huyu umetoka naye wapi?"

"Nani?"

"Huyu gari. Anapumua pembeni. Mlimani havuti kabisa, au nasema uongo?"

Namelok alimtazama kuanzia viatu hadi kofia. "Gari halina roho, kaka. Sema 'halivuti'."

Mwinshehe, mwenye duka la spea la jirani, akaangua kicheko. "Fundi leo umepata mwalimu! Dada, unatoka wapi na Kiswahili kizito hivyo?"

"Ulaya."

"Ulaya ya ndege, au hii yetu ya Kilosa?"

"Ya vumbi. Wale wa ndege hawanunui maziwa yangu." Kisha akamgeukia Ditram. "Ninyi mlizaliwa nacho Kiswahili, ndiyo maana mnakichezea. Mimi nilizaliwa na Kimaasai. Kiswahili nimekisoma kwa jasho, siwezi kukaa kimya kikiumizwa."

Ditram alicheka huku mkono wake ukitafuta ugonjwa. Akaupata kwenye manifodi, lile bomba lenye matawi linalogawa hewa kwa injini: lilikuwa na ufa. Aliuziba kwa gundi ya chuma, na maziwa yakafika hotelini yakiwa mazima.

"Gundi hii ni ya muda," alimwambia. "Itabidi urudi."

"Gari au mimi?"

"Wewe ndiye mwenye funguo, mwalimu."

Alirudi. Kwanza kwa sababu ya gundi, halafu kwa sababu ya plagi ambazo hazikuwa na tatizo lolote, na mwishowe bila sababu. Jioni walizungumza kwa simu, yeye akiwa kwa baba yake, kwenye kilima kule Ulaya, njia ya Kilosa, Ditram akiwa Mikumi, kelele za malori zikiwaingilia.

"Umekula, fundi wangu?"

"Nimekula. Leo nimetengeneza lori la miwa la Kidodi. Li... linavuta vizuri sana."

"Ehee! Umesema 'linavuta'! Nikuletee zawadi gani?"

"Njoo wewe mwenyewe, inatosha."

Basi Ditram akawa na ndimi mbili. Kwa Namelok alisema "linavuta" na "inavuta" kwa uangalifu wa mtu anayebeba mayai. Gerejini, kati ya mafundi wenzake, kila chuma kilibaki kuwa mtu.

Ugomvi ulianzia dukani kwa Mwinshehe. Ufa ulikuwa umefunguka tena, na Mwinshehe akamwonyesha Namelok picha ya manifodi mpya. Haikutengenezwa na kampuni ya gari lile. Ilitengenezwa na watu wengine, kwa ajili ya wapenda kasi. Iling'aa kama sufuria ya harusi. Bei yake ilikuwa mtamba mzima.

"Ukifunga hii, mama maziwa, utalipita hata basi," alisema Mwinshehe. "Naiagiza Morogoro. Mjaribu kwanza, mkiridhika mnalipa."

"Iagize," alisema Namelok.

Ditram akakunja uso. "Mpenzi, hebu tufikiri. Hizi nguvu zake huja injini ikiwa inakimbia sana. Wewe unakimbilia wapi? Barabara ya mbugani mwendo umewekewa kikomo, na huko vilimani unatambaa na mzigo."

"Kila kitu kipya unakiogopa."

"Siogopi. Napima."

"Au unataka gari langu liendelee kuumwa, nisiache kuja gerejini kwako?"

Aliyasema kwa utani, lakini utani ule ulibaki hewani na ukawachoma wote wawili. Hasa kwa vile mambo yalikuwa yamefika pagumu. Mzee Saibulu, baba yake Namelok, alikuwa ameletewa posa na familia ya Ngoitiko, wafugaji wenzake. Alimpa binti yake nafasi moja tu: Jumamosi huyo fundi apande kilimani, aonekane, aseme neno lake. Asipokuja, au akija ovyo, jibu litakwenda kwa kina Ngoitiko.

Namelok akaliacha gari gerejini, akarudi Kilosa kwa basi. Manifodi ilipowasili, Ditram alifanya kosa. Alimwambia kwenye simu kwamba bado haijafika. Aliifunga kimyakimya, akapakia mifuko ya mchanga, akapanda vilima vya nje ya Mikumi asubuhi na jioni. Alitaka awe na hakika kabla ya kumvunja moyo.

Alhamisi Namelok alikuja Mikumi bila kutoa taarifa, amebeba kibuyu cha maziwa mgando, amevaa shuka jipya jekundu. Alitaka kuumaliza ugomvi. Alipozunguka lori bovu akamwona Ditram amempa mgongo, simu sikioni.

"Huyu hapana, Mwinshehe," alikuwa anasema. "Nimekaa naye wiki nzima. Kwa sura hana mpinzani, ukimwangalia unasema nimepata. Lakini mlimani hapandi. Anataka tambarare na mbio, na maisha yetu sisi ni mlima na mzigo... Bora yule wa zamani na kasoro zake. Namjua, tumetoka mbali... Huyu nitamrudisha alikotoka. Nisije nikapanda naye kwa mzee Jumamosi nikaaibika."

Namelok akarudi nyuma ya lori. Kwa masikio yake mwenyewe alikwisha kumsikia mtu huyu akisema "inavuta" na "halivuti". Sasa anasema "huyu", "anataka", "nitamrudisha". Huyo ni mtu. Na yule wa zamani alimfahamu: Agatha wa Kidodi, ambaye Ditram alikaribia kumwoa na hakumficha jambo hilo. Alikiweka kibuyu juu ya tairi taratibu, kana kwamba kingelia, akaondoka.

Ditram alikuwa anazungumza habari za manifodi.

Alipogeuka akakiona kibuyu, bado kina ubaridi. Akapiga simu. Ikaita, ikakatwa. Akapiga tena, haikupatikana. Ndani ya basi la Kilosa, Namelok alimpigia baba yake simu.

"Baba, wape neno kina Ngoitiko."

"Neno gani?"

"Wanalolitaka."

Ditram hakupata usingizi wa maana. Ijumaa alimwendea mchomeleaji wa aluminiamu, akachomewa ule ufa mpaka ukawa kovu nene, akaifunga manifodi ya zamani kwa gasketi mpya. Ile inayong'aa akaiviringisha kwenye gunia, akaiweka kiti cha abiria. Kosa lake hasa alikuwa hajalijua. Alichojua ni kwamba Jumamosi haingemsubiri.

Kilimani, Namelok alikuwa amekaa mlangoni, mgongo wake umeelekezwa barabarani. Alisikia injini toka mbali. Hakutaka kusikiliza, lakini sikio lilimsaliti: mluzi haukuwepo. Pikapu ilipanda polepole, keni zake zimejazwa maji hadi shingoni ili mzigo uwe kama wa maziwa, bila kukohoa, ikasimama uani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Saibulu aliegemea fimbo yake. "Umechelewa kijana. Binti amekwisha kusema."

Namelok akasimama. "Umefuata nini? Si ungempandisha yule wako wa zamani? Mimi sipandi mlima. Mimi ni wa tambarare na mbio!"

Ditram akayarudia maneno hayo moyoni. Maneno yalikuwa yake, lakini yalimrudia yakiwa yamevaa nguo nyingine. Kidogokidogo akaelewa. Akaenda kwenye gari, akalitoa gunia, akalifungua miguuni pa Namelok. Ile manifodi ikameta juani.

"Huyu hapa," alisema. "Huyu ndiye asiyepanda mlima. Huyu ndiye ninayemrudisha."

"Usinidanganye. Chuma si 'huyu'. Nilikufundisha, ukaelewa."

"Kwako nilielewa. Gerejini sikuwahi kubadilika."

Namelok aliichukua simu ya Ditram mkononi mwake, akampigia Mwinshehe, akaweka sauti ya juu.

"Mwinshehe, Ditram anamrudisha nani kwako?"

"Si yule manifodi! Mwambie asimkwaruze, nimempatia mchumba Morogoro!"

Saibulu akacheka mpaka fimbo ikateleza. Namelok hakucheka.

"Kwa hiyo ilifika. Nawe ukaniambia haijafika."

"Hapo sina utetezi," alisema Ditram. "Niliogopa ukiiona utaipenda, na mimi nionekane mwenye wivu."

"Gari ni langu. La kupimwa tunapima wote, hata likinivunja moyo. Unanisikia?"

"Nakusikia."

"Nipe funguo."

Aliteremka kilima chote, Ditram pembeni yake ameshika mlango. Chini akageuza, akaweka gia ya kwanza. Maji yakagonga keni. Kwenye kona kali, pale ambapo pikapu ilikuwa ikikata pumzi kila safari, Ditram akafungua mdomo.

"Namelok, nimekuja na neno la kumwambia mzee."

"Nyamaza kwanza. Tupite hapa."

Injini ilishuka sauti, ikanguruma nzito, ikashika. Kona ikabaki nyuma yao. Namelok akapumua.

"Sasa sema."

"Nataka kukuoa."

Namelok akakanyaga mafuta. Aliendesha mpaka uani, akazima, akashuka. Uso ulikuwa umemlowa na hakuufuta.

"Baba, kina Ngoitiko ulishawapa neno?"

"Bado. Gari hili limenunuliwa kwa ng'ombe wangu. Ningeozaje binti huku gari liko mikononi mwa fundi?" Akainua fimbo kuelekea pikapu, mahali ambapo Ditram naye alikuwa amesimama, kofia mkononi. "Haya. Huyu vipi?"

"Anapanda, baba."

"'Linapanda', mwalimu," Ditram alimsahihisha kwa sauti ndogo.

Namelok akamgeukia, na kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi akatabasamu.

"Nani kakwambia nazungumzia gari?"