Picha ya Ukurasa wa Nne

Haya yalimpata rafiki yangu Nayra, chuoni kwetu mjini Oruro, alipokuwa akijifunza kuhariri picha na kupanga kurasa za jarida la wanafunzi. Mhariri wetu, Gróver, alimwamuru amfute mwenzetu Limbert kwenye picha yetu ya pamoja ya ukurasa wa nne. Limbert alikuwa ameuawa kwenye maandamano.

"Jamani Gróver, huyu si tumemzika juzi tu!"

"Akibaki humo wakubwa wa chuo hawatachapa. Futa bwana, usinililie hapa."

Gróver alipoondoka, Nayra akamfuta, akaziba pengo kwa rangi ya ukuta. Mara umeme ukakatika. Chumba kile hakina dirisha. Gizani alisikia kipanya cha kompyuta kikibofywa taratibu, ilhali mikono yake iko mapajani.

Umeme uliporudi, Limbert hakuwamo pichani. Siku tuliyopigwa picha ile, sote tulitazama kamera. Sasa sote, hata mimi, tumegeuka tunamtazama Nayra aliyesimama pembeni mwa picha hiyo.