Mapipa ya Ghala la Keller

"Usimpoteze," redio ilikwaruza. "Keller anawapelekea waasi wa ng'ambo baruti ndani ya makasha ya vinyago. Ameshtuka."

Bochaberi alikanyaga mafuta. Peugeot 404 ilipanda mlima wa Tabaka ikinguruma, wingu jeusi mgongoni.

Miaka sita ya ujasusi, na bado aliogopa.

Alikuta Land Rover ya Keller ikitimua mbio. Nyuma yake, ghala lilikuwa likifuka moshi.

Angeweza kumfuata. Lakini wachongaji wa mawe wa jirani walikuwa wakija na ndoo za maji, na upepo ulimletea harufu kama ya kitunguu saumu.

Kabaidi.

Ile ya kuchomelea vyuma. Ikiguswa na maji hutoa gesi, na gesi ikikutana na moto hulipuka. Keller aliwasha moto makusudi. Maji ya majirani yangemfutia ushahidi, wao wakiwa humo humo.

Bochaberi alisimama mlangoni, Beretta mkononi.

"Wekeni ndoo chini."

"Mwanangu, ghala linaungua," alisema Mzee Manasseh, mkubwa wa wachongaji. "Mbona unatuzuia?"

"Baba, ndani kuna kabaidi. Maji yatatuua sote."

Mzee aliweka ndoo chini. "Keller alimwambia mkaguzi wa serikali kuwa mapipani ni mawe tu. Sisi tungejuaje?"

"Vumbi la mawe mnalo? Kavu?"

"Bandani, tele."

"Leteni. Na watoto wapelekwe mbali, juu huko upepo unakotoka."

Aliifutika bastola kibindoni, akaingia wa kwanza. Moto ulikuwa unakaribia makasha ya baruti, na nyuma yake mapipa yalijipanga hadi ukutani, moja likiwa wazi. Wachongaji walimwaga vumbi kwa magunia, kwa aproni, kwa viganja.

Tone la mvua liligonga bati.

"Turubai," alinong'ona.

Yeye na mzee walilivuta kutoka ukutani juu ya mapipa, wakachubuka vidole. Mvua ilianza kuvuja paani. Ikateleza juu ya turubai hadi nje. Chini ya vumbi jeupe, moto ulikohoa, ukafa.

"Keller tumemnasa huko Mosocho," redio ilisema kiunoni mwake. "Ghala?"

"Limesimama. Leteni lori lenye kifuniko. Na mkaguzi mwingine, atakayefungua kila pipa na kuwaambia hawa watu wanaishi na nini."

Mzee Manasseh alimtazama.

"Wewe ni nani hasa?"

"Mpita njia tu, baba."

Akatembea polepole kwenye mvua hadi garini.